Kabla Mbwa wa Kwanza Hajaingia Nyumbani

Katika nyumba nyingi mbwa wa kwanza huja bila kupangiwa. Mbwa wa jirani amezaa sita, watoto wamekwenda kuwatazama, na jioni mmoja yuko uani kwenu amefungwa kamba. Wezi wamezidi mtaani, basi kila mtu anafurahi. Tunakuomba, mzazi: kabla hujampokea, tangulia kwa afisa mifugo wa kata yako. Muulize chanjo ya kichaa cha mbwa inapatikana wapi na kwa bei gani, dawa ya minyoo ipo au haipo, na kuhasi kunafanyika wapi. Ukishapata majibu, ndipo umjibu jirani. Na umwombe amwache mtoto wa mbwa kwa mama yake hadi atimize wiki nane.

Sindano ya kichaa

Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vinavyoshambulia ubongo. Hukaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa na huingia kwa kung'atwa, kukwaruzwa, au mate yakigusa kidonda, jicho au mdomo. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Inakadiriwa kuwa kila mwaka duniani hufa watu 59,000, wengi wao Asia na Afrika. Katika kila watu kumi wanaong'atwa na mnyama anayeshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto ni mfupi, mbwa humfikia usoni na kichwani, karibu na ubongo. Tena mara nyingi hunyamaza kwa kuogopa kuchapwa. Mwambie mwanao leo hii: ukikwaruzwa hata kidogo, njoo useme, hakuna atakayekugombeza.

Ugonjwa huu unazuilika, na Pemba wameuonyesha ulimwengu. Kwa kuchanja mbwa waliumaliza kisiwani mwaka 2014. Mwaka 2016 ukaingia tena, wakachanja upya kwa bidii zaidi, na mwaka 2018 ukakoma. Siri yake ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100 wa eneo. Mbwa wako naye yumo katika hesabu hiyo, hata kama hatoki getini. Achanjwe akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na sehemu nyingi huchanja bure siku za karibu na hapo. Sikiliza matangazo ya mtaa.

Usimdharau mtoto wa mbwa kwa udogo wake. Naye huugua kichaa, na meno yake membamba yanatosha kumwambukiza mtu.

Akimng'ata mtu

Osha jeraha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni, kwa dakika 15 kamili. Ni muda mrefu kuliko unavyodhani, kwa hiyo tazama saa. Usipake pilipili, mafuta ya taa, tumbaku wala majani ya dawa. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, na umalize sindano zote kwa tarehe ulizopangiwa. Dalili huweza kuchelewa miezi miwili, mitatu, hata mwaka, kwa hiyo kujisikia mzima wiki ya pili si sababu ya kuacha. Mbwa aliyeng'ata, kama anaweza kufungiwa bila hatari, asiuawe ovyo. Afungiwe na kuangaliwa na mtaalamu kwa siku kumi.

Chakula, choo na watoto

Karibu kila mtoto wa mbwa huzaliwa na minyoo au huipata kwenye maziwa ya mama. Mayai yake hutoka na kinyesi, hukaa mchangani, kisha huingia mdomoni mwa mtoto anayechezea hapo. Mpe mbwa dawa kama afisa mifugo atakavyoelekeza, zoa kinyesi kila siku na ukifukie mbali na kisima na bustani ya mchicha.

Mkichinja, usimtupie maini au mapafu mabichi, hasa yenye vifuko vya maji. Humo mna tegu ambaye, akishakua tumboni mwa mbwa, mayai yake humpa binadamu uvimbe mkubwa kwenye ini. Wafugaji wa Turkana, kaskazini mwa Kenya, wameteseka nao sana. Chemsha au fukia. Ugali na dagaa wa kupikwa vinamtosha kuanzia. Mifupa ya kuku iliyopikwa humchoma utumbo. Awe na chombo chake, kisichooshwa pamoja na vyombo vya familia.

Mtoto wa chini ya miaka mitano asiachwe na mbwa peke yao, hata akiwa mpole namna gani. Wote wafundishwe kutomgusa akila, akilala au akinyonyesha. Na usimfunge mnyororo mchana kutwa juani bila maji. Anayeteswa hivyo huwa mkali kwa wenyeji pia.

Ukirudi na kadi yake ya chanjo, iweke pamoja na kadi za kliniki za watoto.