Tulipomwaga Mfuko wa Dawa wa Bibi

Fildi ya mwaka wa tatu, mimi na mwenzangu wa famasia tulipangiwa makazi ya wazee. Siku ya kwanza nilimkuta bibi mmoja, miaka themanini na kitu, kashika ukingo wa kitanda.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Dunia inanizunguka tu."

Sista akasema ni uzee. Nikakubali, maana nani anashangaa mzee kuwa na kizunguzungu?

Ila tulitumwa kuhesabu dawa, basi tukamwaga mfuko wake mezani. Furosemidi ya miguu kuvimba, kutoka kliniki ya moyo. Haloperidoli, kwa kuwa usiku hatulii. Domperidoni ya kichefuchefu, binti yake aliinunua duka la dawa. Na juzi tu zahanati walimpa erithromaisini ya kifua. Kila moja ina sababu yake, lakini hakuna aliyewahi kuuona mfuko mzima.

Turudi darasani kidogo. Baada ya kila pigo, seli za moyo hujichaji upya kwa kutoa potasiamu nje. Kwenye karatasi ya ECG, muda wa kazi hiyo unaonekana ndani ya QT. Ukiurekebisha kwa kasi ya mapigo unapata QTc. Ikivuka milisekunde 500, hatari ni kubwa: pigo jingine laweza kuingia moyo haujawa tayari, ukaanza kutetemeka badala ya kusukuma damu. Mtu anaanguka. Wengine huzinduka, wengine ndiyo basi.

Sasa angalia ule mfuko. Haloperidoli, domperidoni na erithromaisini zote huziba mlango uleule wa potasiamu. Erithromaisini tena inalizuia ini kuivunja domperidoni, kwa hiyo inajaa kwenye damu. Hizo mbili hazitakiwi kukutana kabisa. Furosemidi nayo inamwaga potasiamu na magnesiamu kwenye mkojo. Halafu mwenyewe ni mwanamke, mzee, moyo dhaifu. Yote hayo yanaongeza hatari.

Tulimpigia daktari, bibi akapelekwa kupimwa siku hiyohiyo. QTc ilikuwa 508, potasiamu chini. Domperidoni ikasimamishwa, erithromaisini ikabadilishwa kuwa amoksilini, potasiamu ikarudishwa.

Ubishi ulikuja kwenye haloperidoli. Sista alituuliza, "Mkiitoa, usiku nani atakaa naye? Niko peke yangu." Jamani, hatukuwa na jibu. Kitabuni wanaandika "acha dawa", hawaandiki nani atakesha.

Jioni ile mwenzangu akauliza swali ambalo mimi sikulifikiria: bibi anaamka kufanya nini? Kumbe anatafuta choo. Dozi ya pili ya furosemidi alikuwa anapewa saa moja usiku! Daktari akaihamishia saa nane mchana, na haloperidoli akaanza kuipunguza kidogo kidogo. Siyo kwamba bibi alilala kama mtoto. Usiku mwingine bado alihangaika, na sista alilalamika, kwa haki. Ila ECG ya wiki mbili baadaye ilisoma 456, na kizunguzungu kikapungua.

Kesho yake tukahamia kitanda cha pili. Babu mmoja, mfuko mkubwa zaidi, na juu kabisa pakiti ya flukonazoli aliyoandikiwa wiki ileile.