Shufwa na Witiri

Sepuka ni mahali katika wilaya ya Ikungi, mkoa wa Singida, nchi ya Wanyaturu, watu walimao mtama na uwele na kufuga ng'ombe, mbuzi na kondoo. Watoto wengi wa huko huanza kuhesabu zizini kabla ya kukaa darasani. Kwa hiyo mwalimu atakaye kuwaonyesha wadogo wa darasa la kwanza jinsi namba zilivyogawanyika mafungu mawili, hana haja ya kuanza na ubao na chaki. Humpa kila mtoto konzi ya kokoto, akawaambia wazipange mbili mbili, kama maksai wafungwavyo nira. Mtu mwenye maksai saba hufunga nira tatu, na yule wa saba hubaki akila majani.

Basi mtoto ambaye kokoto zake zote zimepata wenzi, namba yake huitwa shufwa. Mtoto aliyebakiwa na kokoto moja isiyo na mwenzi, namba yake huitwa witiri. Maneno haya mawili yametoka katika Kiarabu; nao Waislamu huiita sala yao ya mwisho ya usiku witiri, kwa sababu rakaa zake si shufwa. Mwalimu na aangalie jambo hili: hata mtoto asiyejua kuhesabu kupita kumi aweza kusema kweli kama kokoto zake ni shufwa au witiri, maana kupanga wawili wawili si kuhesabu. Mtoto huyo asiharakishwe kutaja idadi.

Wakubwa hujua njia fupi zaidi, yaani kutazama tarakimu ya mwisho. Ikiwa ni 0, 2, 4, 6 au 8, namba ni shufwa; ikiwa ni 1, 3, 5, 7 au 9, ni witiri. Lakini wengi waijuao kanuni hii hawawezi kueleza sababu yake. Sababu ni kwamba kumi moja ni jozi tano kamili. Basi makumi yote, hata yawe mangapi, hupangika wawili wawili pasipo kubaki kitu. Na mia ni makumi kumi, na elfu ni mia kumi, nazo ni vivyo hivyo. Katika 347, mbuzi 300 wana wenzi, na 40 wana wenzi. Waliobaki kuangaliwa ni 7 tu, na katika hao mmoja hukosa mwenzi. Kwa hiyo 347 ni witiri, ingawa imeanza na 3 au ingeanza na 8. Sifuri nayo ni shufwa. Katika zizi tupu hakuna mbuzi hata mmoja aliyekosa mwenzi.

Sasa watoto wawili wenye witiri waunganishe kokoto zao. Mmoja ana kokoto moja ya upweke, na mwenzake anayo moja. Hizo mbili huwa jozi, na jumla yote huwa shufwa. Shufwa na shufwa zikijumlishwa huwa shufwa, na shufwa na witiri huwa witiri. Mambo hayo yaliandikwa zamani sana na Euclid, aliyefundisha Iskandaria katika nchi ya Misri yapata miaka 300 kabla ya Kristo. Katika kitabu cha 9 cha kazi yake kuu alionyesha ya kuwa witiri zikijumlishwa, na idadi ya witiri hizo ikiwa shufwa, jumla ni shufwa. Na idadi yake ikiwa witiri, jumla ni witiri. Mtoto mwenye kokoto aweza kuyaona hayo yote mavumbini.

Elimu hii ina faida, lakini ina mpaka wake. Kijana mmoja mchungaji alikuwa na mbuzi 28. Kila jioni alisimama mlangoni pa zizi akiwapitisha wawili wawili, wala hakuwahesabu, maana kuhesabu aliona ni kazi ndefu. Jioni moja mbuzi wa mwisho akaingia peke yake. Kijana akatambua mara moja kwamba yuko aliyepotea. Akarudi njia aliyoijia, akamkuta mwana mbuzi amenasa katika ufa wa majabali, akamtoa. Tangu siku hiyo akaitumaini mno njia yake. Hazikupita siku nyingi, mbuzi wakaingia tena wawili wawili hata wa mwisho. Naye akaziba mlango kwa miiba, akaenda kula. Asubuhi baba yake akawahesabu mmoja mmoja, akapata 26. Wakatafuta mchana kutwa. Mmoja alipatikana kwa majirani, mzima. Wa pili zilionekana pembe na kipande cha ngozi, kwa kuwa fisi walikwisha kumla.

Baba hakumpiga. Alichukua kokoto 28, akamwambia azipange mbili mbili. Kisha akaondoa mbili, akamwambia azipange tena. Kijana akaona mwenyewe: 28 ni shufwa, na 26 ni shufwa. Wakipotea wawili, au wanne, mlango hauonyeshi kitu. Hata ile jioni ya kwanza, yule mbuzi aliyeingia peke yake hakuonyesha kwamba amepotea mmoja tu. Wangeweza kuwa watatu, au watano.

Ndivyo ilivyo katika kusahihisha hesabu. Mwanafunzi akijumlisha 47 na 35 akaandika 83, kosa lake huonekana bila ya kurudia kazi, kwani witiri mbili haziwezi kuleta witiri. Lakini akiandika 84, kosa hupita kama wale mbuzi wawili, naye hana budi kujumlisha upya ili apate 82.

Wachezaji wa bao nao wana lao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji huanza na kete 32. Kete hutekwa huku na huku, lakini jumla yake haibadiliki.

Maswali

1. Mchezaji mmoja amehesabu kete zake zote akapata 27. Je, za mwenzake ni shufwa au witiri? Eleza sababu kabla ya kutoa 27 katika 64.

2. Huyo wa pili amehesabu zake akapata 36. Wote wawili wamehesabu vema. Watafute nini chini ya mkeka?

3. Yule kijana angewapitisha mbuzi watatu watatu, je, angetambua jioni ile kwamba wawili wamepotea? Jaribu kwa kokoto 28, kisha kwa 26. Tafuta pia ni mbuzi wangapi wakipotea mlango huo nao hautaonyesha kitu.