Upepo Mkali Unavyoezua Nyumba

Wakazi wa Rapsu mmezoea kisulisuli cha kiangazi, kile kinachozungusha vumbi na majani makavu. Hicho huzaliwa na joto la ardhi na mara nyingi hutoweka kwa dakika chache. Wa kuhofiwa zaidi ni upepo unaoshuka kutoka kwenye wingu la radi katika misimu ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba.

Paa haling'oki kwa kusukumwa tu. Upepo unaopita kasi juu ya mabati huyavuta juu. Ukiingia pia kupitia mlango ulio wazi, huyasukuma kutoka ndani. Hapo msumari mfupi huchomoka. Tena, kasi ya upepo ikiongezeka mara 2, nguvu yake huongezeka mara 4. Ndiyo sababu nyumba iliyostahimili miaka mingi huweza kuezuliwa jioni moja.

Ukiona ukuta wa vumbi mbele ya wingu jeusi, ingia ndani, funga mlango na madirisha. Kabla ya msimu, fundi akague hasa kingo na pembe za paa, ambako mabati huanza kufunguka, na afunge mbao za paa kwenye ukuta kwa waya imara. Mawe tunayoweka juu ya mabati hayatoshi, na yakianguka huumiza watu.

Madereva nao wajue kwamba lori tupu hupinduliwa na upepo wa ubavuni upesi kuliko lenye mzigo. Simama mbali na miti na nguzo za umeme, ukielekeza gari upepo unakotoka.