HADITHI ZA PICHA NA SIFA ZA MWENYEZI MUNGU

Somo letu ni juu ya hadithi za picha, zile ambazo watoto huziita katuni. Wako wazee wazionao kuwa ni upuuzi mtupu, wakazichana kila wakizikuta. Lakini mtoto aliyechaniwa kitabu bila ya kuelezwa ubaya wake hukitafuta kingine kwa siri, na swali lililomo hubaki naye bila ya jawabu.

Tutazame mfano mmoja. Mwaka 2006, Naif al-Mutawa wa Kuwait, mtaalamu wa maradhi ya nafsi, alianza kutoa hadithi za picha ziitwazo The 99. Kisa chake ni cha kubuni: Baghdad ilipotekwa na Wamongoli mwaka 1258, elimu ya maktaba yake ilihifadhiwa katika vito 99, navyo vikatawanyika ulimwenguni. Kijana apataye kito hupata nguvu moja, na huitwa kwa jina litokanalo na Asmaul Husna. Makusudio yalikuwa kuwapa watoto mashujaa wa wema kutoka katika turathi ya Kiislamu, wasije wakawaona wauaji kuwa ndio mashujaa wa dini. Hata hivyo, mwaka 2014 wanavyuoni wakuu wa Saudi Arabia waliipinga kwa fatwa, kwa kuchelea sifa za Mola zisije zikavishwa viumbe.

Basi haki iko wapi? Yapambanuliwe mambo mawili.

Kwanza, kubuni kwenyewe. Abu Dawud amepokea ya kwamba Mtume (s.a.w.) aliona katika vitu vya mchezo vya Bibi Aisha farasi mwenye mbawa mbili. Alipouliza farasi gani huyo mwenye mbawa, Bibi Aisha akajibu kuwa Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa. Mtume akacheka hata magego yake yakaonekana. Hadithi hii haimalizi khitilafu ya wanavyuoni juu ya taswira, lakini yatuonyesha kuwa mtoto aweza kuyawaza mambo ya dini kwa mchezo, na mlezi wake akamsikiliza pasi na kumkemea.

Pili, majina. Hapa ndipo penye uzito. Qur'ani katika Suratut Tawba imemsifu Mtume kuwa ni rauf na rahim, na katika Suratul Insan mwanadamu ametajwa kuwa ni mwenye kusikia na kuona. Basi si kila sifa ikitajwa kwa kiumbe huwa ni shirki. Sifa ya mja ni ndogo, tena ni ya kupewa, na ya Mola haina mfano. Lakini Ar-Rahman na Al-Khaliq ni majina Yake peke Yake. Na Jabbar, jina la mmoja wa mashujaa hao, kwa Mola ni sifa ya utukufu, ilhali kwa mja ni lawama: katika Surat Maryam, Nabii Yahya amesifiwa kwa kutokuwa jabbar. Kumwita shujaa jina hilo ni kosa, hata nia ikiwa njema.

Ndugu zangu, tazameni jinsi kitabu cha picha kilivyotufikisha kwenye mlango mkubwa wa tauhidi. Mtoto akikuuliza, "Baba, mbona mtu huyu ana jina la Mungu?" ameuliza swali la wanavyuoni. Kaa naye, kisome pamoja naye, umwonyeshe lililo sawa na lililo kosa. Usipomjibu wewe, atajibiwa na mchoraji.