MAANA YA NENO "MOJA" KATIKA INJILI YA KIYUNANI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zetu wa mwambao huenda wakastaajabu tukiwachukua katika somo hili hadi Meru na Embu, chini ya Mlima Kenya. Lakini huko nako tunao ndugu. Waislamu wa miji hiyo wamechanganyika na jamaa zao Wakristo, na yamkini ndugu wawili wa tumbo moja, huyu aenda msikitini na yule kanisani. Hapo ndipo linapozuka swali: Ikiwa Nabii Isa, katika Injili ya Yohana 10:30, amesema kuwa yeye na Baba ni mmoja, nanyi mwakataaje?

Jawabu yafaa ianzie kwenye neno lenyewe. Injili hiyo imeandikwa kwa Kiyunani, na katika lugha hiyo "moja" ina sura tatu: heis kwa jina la kiume, mia kwa jina la kike, na hen kwa lisilo la kiume wala la kike. Katika Marko 12:29, Nabii Isa anapotaja amri iliyo kuu, kwamba Mungu ni mmoja, neno lililotumika ni heis. Katika Yohana 10:30 ni hen.

Mmeru na Muembu hawaoni taabu kulifahamu jambo hili. Katika lugha zao, kama katika Kiswahili, hesabu hufuata kinachohesabiwa: mtu ni umwe, na kitu ni kimwe. Hata Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952 imetofautisha: kwa Marko imetia "mmoja", na kwa Yohana "umoja".

Basi ni umoja wa nini? Aya mbili zilizotangulia zataja kondoo wasioweza kunyakuliwa. Maneno ni ya ulinzi. Kisha katika Yohana 17:21-22 Isa awaombea wafuasi wake wawe hen, kama alivyo yeye na Baba. Na Paulo, katika Wakorintho wa Kwanza 3:8, asema kuwa apandaye na atiaye maji ni hen. Hapana asemaye kuwa wakulima wawili hao ni dhati moja. Umoja wao ni wa kazi na makusudio.

Lakini insafu yatulazimu tuseme na upande wa pili. Wanazuoni wa Kikristo walijua neno hen, na wao hujibu kuwa ndilo lionyeshalo dhati moja bila ya nafsi kuwa moja. Tena katika Wagalatia 3:28 Paulo awaita waumini wengi heis. Kwa hivyo kijana wetu asidhani kuwa herufi tatu zamaliza mjadala. Neno la hesabu halijitoshi; maana yake hutafutwa katika maneno yaliyolizunguka.

Na sisi pia tutazame Kitabu chetu. Katika Suratul Anbiyaa, aya ya 92, umma umeitwa wahida, umoja, nao ni watu wasio na idadi: wameunganishwa na dini. Lakini katika Suratul Ikhlas Mwenyezi Mungu ameitwa Ahad, na sura yote yaeleza upweke usio na mzazi, mwana wala mfano. Alifahamuye hili katika Kurani hatashindwa kulifahamu katika kitabu cha mwenziwe.

Nasaha yetu kwa ndugu wa Meru ni hii. Biblia nzima ya Kimeru imepatikana tangu mwaka 1964. Kaeni na jamaa zenu, mfungue aya hizi pamoja, muulizane kwa upole: "Moja ya nini?" Suratul Ankabut, aya ya 46, imetukataza kujadiliana na Watu wa Kitabu ila kwa njia iliyo bora. Mwenye kumshinda nduguye kwa ukelele amepoteza ndugu, wala hakuipatia haki mfuasi.

Wallahu aalam.