Dau la Karata ya Nne

Karata za poka ni 52. Katika mtindo wa Texas Hold'em kila mchezaji hupewa mbili za siri. Kisha mezani hufunuliwa tatu kwa pamoja, halafu ya nne, halafu ya tano, na kila hatua ina zamu yake ya kuweka dau.

Tuseme umeketi kiti cha mbele, una ree na mfalme. Umepandisha dau, wote wametupa karata zao isipokuwa mmoja, ambaye sasa atacheza baada yako kila hatua. Mezani kuna sarafu 100. Zinafunuliwa tisa, nane na nne. Umetoka kapa, wala si mkosi. Karata usizoziona zilikuwa 50, na 44 kati yake si ree wala mfalme. Zidisha 44/50 kwa 43/49 kwa 42/48, utapata asilimia 68 hivi: mara mbili katika tatu utakosa.

Ubaya wa kiti cha mbele ni kusema kabla ya kusikia. Ukipisha, yaani usipoweka dau, unamwachia mwenzako aseme.

Tuseme karata zake huenda zikawa za aina 40, nusu nzuri, nusu dhaifu. Akiwa na nzuri huweka dau mara tatu katika nne. Akiwa na dhaifu, mara moja katika nne. Naye akipisha, zimebaki aina 5 nzuri na 15 dhaifu. Udhaifu uliokuwa asilimia 50 sasa ni 75.

Inafunuliwa karata ya nne. Unaweka 50 kuwania zile 100. Ukishindwa mara mbili na kufaulu mara moja, hupati wala hupotezi. Basi inatosha ajitoe zaidi ya mara moja katika tatu.

Subira hiyo ina gharama: karata ya nne ameiona bure. Kama naye hakuwa na jozi, karata 6 kati ya 47 asizoziona zingempa, asilimia 13 hivi.

Tena, yupo anayepisha makusudi akiwa na karata kali. Ukimya wake haukuambii kitu. Nawe ukipisha pale tu ulipotoka kapa, atakujua. Ndiyo maana mara nyingine hupisha hata mwenye wafalme wawili, kwa kuwa upande wa pili wa meza nako kuna mtu anayeuhesabu ukimya wako.