Mguu Unaogoma Njiani: Kutoka Kisimani Hadi Ndani ya Mshipa

Unatoka kisimani na dumu la lita 20. Katikati ya njia kigimbi kinakaza kama kimefungwa kamba. Unasimama kidogo chini ya mgunga, maumivu yanakwisha, unaendelea. Kesho ni vilevile, mahali palepale. Jirani atasema ni uzee. Kwa mwenye sukari, presha au aliyevuta sigara miaka mingi, mara nyingi ni ateri ya mguu iliyobanwa na mafuta na chokaa.

Hatua ya kwanza: shika mguu wenyewe. Vua viatu, weka vidole viwili upande wa juu wa wayo, si unyayoni, utafute mpigo. Usipousikia usishtuke, kwani wapo watu wazima wenye afya ambao hawana mpigo hapo. Linganisha miguu: upi baridi, upi umepauka, upi una kidonda kisichopona. Tafadhali, usiukande kwa maji moto. Mwenye sukari aliyepoteza hisia huungua bila kujua. Na mguu ukiwa baridi, mweupe na wenye ganzi kwa ghafla, tafuta gari saa hiyohiyo.

Hatua ya pili: omba presha ya mguu. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu kituoni hupimwa mkono tu. Mhudumu hufunga mkanda juu ya kifundo na kusikiliza kwa Dopla ndogo, jamaa ya kile kifaa cha kusikiliza moyo wa mtoto tumboni. Kisha hugawanya presha ya kifundo kwa ya mkono. Mkono ukiwa 140 na kifundo 84, jibu ni 0.6. Chini ya 0.9 ni dalili ya kuziba. Juu ya 1.4 usifurahi: mshipa umekuwa mgumu kwa chokaa, na kipimo hicho hakiaminiki tena, hapo hupimwa presha ya kidole gumba cha mguu. Kipimo cha presha ya mguu kisipopatikana kituoni, omba barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kitui. Wa Makueni wataelekea mjini Wote.

Hatua ya tatu: dawa na kutembea. Acha sigara, tuliza sukari, meza dawa za kolesteroli na za kuzuia damu kuganda kama ulivyoandikiwa. Tembea hadi mguu uume, pumzika, tembea tena, nusu saa hivi, mara tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu. Wengi huishia hapa, na ni vizuri.

Hatua ya nne ni ya mwenye kidonda, au anayeamshwa usiku na maumivu hadi aning'inize mguu nje ya kitanda. Huyo huhitaji mshipa uzibuliwe kwa puto, kazi ya hospitali kubwa kama za Nairobi. Uliza kama wana ultrasaundi ya ndani ya mshipa.

Eksirei ya mshipa, inayopigwa kwa dawa ya rangi, huonyesha kivuli cha damu inayopita tu. Ultrasaundi hii hupitishwa juu ya waya mwembamba, kutoka kinenani, kisha huvutwa polepole kurudi nyuma. Kwenye skrini mshipa huonekana kama pete za kijivu. Chokaa hung'aa na kuacha giza nyuma yake. Daktari hupima ukuta hadi ukuta. Kivuli cha eksirei kikidanganya kuwa mshipa ni milimita 4 kumbe ni 5.5, puto dogo litauacha mwembamba. Baada ya puto hutazama tena: ukuta umechanika? Stenti, kile kibomba cha wavu kinachoshikilia mshipa wazi, imefunguka sawasawa?

Jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 2022, lenye wagonjwa 150, liliona mishipa ya paja na nyuma ya goti ikikaa wazi zaidi baada ya mwaka mmoja kwa waliotumiwa kifaa hiki cha ultrasaundi. Kinaweza pia kupunguza dawa ya rangi ya eksirei, jambo la maana kwa mwenye figo dhaifu. Lakini kinaongeza gharama, kwa hiyo ulizia Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) italipa nini kabla ya kulazwa.

Siku ya kwenda kituoni, vaa viatu vinavyovuliwa upesi, na usikubali kupimwa mkono peke yake.